Mwalimu na Safari ya Kiangazi

Hotuba iliyosomwa Ipuli, Tabora, mbele ya walimu na waamini, siku za Jubilei



Nimeombwa kusema maneno machache juu ya kazi ya ualimu, nami nimechagua jambo ambalo huenda likaonekana dogo katika siku kubwa kama hii. Wengine watanena habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa, na ni haki yao. Mimi nataka kunena habari za majuma machache ya mwezi wa Juni na Julai, wakati shule zifungwapo, majani yakaukapo, na upepo wa kipupwe urushapo vumbi katika njia zetu za Ipuli. Nauliza: mwalimu afanye nini siku zile? Najibu: akiweza, na asafiri. Asipoweza kwenda mbali, na aende karibu. Lakini asirudi darasani vile vile alivyotoka.

Maneno haya yana mahali pake hapa kwetu kuliko pengi. Sisi watu wa Tabora tumezaliwa njiani. Njia kubwa ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ilifika hapa Unyanyembe, na hapa ikagawanyika: moja kwenda Ujiji penye ziwa Tanganyika, nyingine kwenda kaskazini, Karagwe na Buganda. Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika Kaze, karibu na mji wetu, tarehe 7 Novemba. Mapadre wa kwanza wa Shirika la Wamisionari wa Afrika walipita njia hiyo hiyo mwaka 1878, na mmoja wao, Padre Pascal, alikufa njiani kabla ya kufika. Reli ilipojengwa, nayo ilifuata mwelekeo ule ule: ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914.

Lakini kabla ya wageni hao wote walikuwako wenye njia, ndio babu zetu Wanyamwezi. Basi tazameni walisafiri wakati gani. Mvua zilipokwisha na mavuno yakawekwa ghalani, ndipo walipofunga mizigo na kushuka pwani. Mvua zilipokaribia, mwenye shamba alitaka awe amekwisha kurudi kwake, ashike jembe. Burton ameandika kwamba kwao kijana asiyekwenda pwani hakuhesabiwa kuwa mwanamume kamili, na kwamba hata mtoto mdogo alibebeshwa kipembe cha ndovu ili azoee. Twajua pia, wala haifai kuficha, kwamba njia ile ile ilipitisha watumwa waliofungwa minyororo, na machozi yao yangali katika habari zake. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa mtumwa. Alikuwa mtu wa ujira, aliyejua thamani ya mgongo wake, naye alirudi na nguo, na shanga, na habari, na lugha. Kiangazi kilikuwa shule yake. Aliporudi na kushika jembe, jembe lilikuwa lile lile, lakini mkulima hakuwa yule yule.

Sasa, ndugu zangu, nitawaungamia jambo langu mwenyewe, maana si vema kufundisha wengine kwa makosa ya jirani.

Miaka kumi na mmoja nalifundisha darasa la tano habari za njia ya misafara. Nalikuwa na daftari moja la maandalio. Kila mwaka nalinakili yale yale, tarehe tu ikibadilika. Hata mzaha wangu ulikuwa mmoja, nao ulikuwa na mahali pake, baada ya jina la Burton. Hapo watoto walicheka, nami nikaendelea. Sikuwa mvivu. Nalifika mapema, nalisahihisha madaftari yote, wala mkaguzi hakunilaumu. Lakini moyoni nalijua ya kuwa somo lile limekufa, nami nalibeba kila mwaka kama watu wabebao jeneza.

Siku moja nalipokuwa nikieleza habari za Kwihara, mtoto mmoja akainua mkono, akasema, “Mwalimu, Kwihara ni mbali?” Nikasema, “Si mbali. Kwa baiskeli waweza kwenda na kurudi kabla ya adhuhuri.” Akauliza, “Wewe umefika?” Nami, kwa kuogopa aibu, nikajibu, “Nimefika.” Mtoto yule hakuwa na hila, alitaka kujua tu. Akasema, “Nyumba ya Livingstone, mlango wake umeelekea wapi?”

Nikanyamaza. Kisha nikamwambia aketi, asipoteze wakati wa wenzake.

Usiku ule sikupata usingizi mwema. Nalikuwa nimesema uwongo mbele ya watoto arobaini na zaidi, kwa ajili ya mlango. Na lililoniuma zaidi lilikuwa hili: miaka kumi na mmoja nalikaa karibu na mahali pale, na kila mwaka nalikuwa na likizo, wala sikupata hamu hata mara moja ya kwenda kutazama. Mtu anayefundisha jambo naye hana hamu nalo, atampaje mtoto hamu hiyo?

Likizo ya Juni ilipofika, nikapanda baiskeli nikaenda Kwihara. Nikaiona nyumba ile ya tembe iliyojengwa upya, na kuta zake nene za udongo. Nikaketi kivulini. Katika daftari langu yalikuwako maneno haya: “Stanley aliagana na Livingstone tarehe 14 Machi 1872, Livingstone aliondoka tarehe 25 Agosti.” Ni mstari mmoja tu, nami nalikuwa nikiusoma kwa pumzi moja. Lakini nilipoketi pale saa tatu hivi, bila kitu cha kufanya, nikasikia uzito wa miezi mitano. Mzee mgonjwa alikaa mahali hapa akingoja watu wa kutoka pwani, hana hakika ya siku watakayofika. Nikawaza, na wale watu waliokuja, walikuwa nani?

Ndipo nalipoanza kusoma tena, si kwa ajili ya mkaguzi, bali kwa kiu. Nikasoma habari za Susi na Chuma, na za Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Bara Hindi, na ambaye alikuwa miongoni mwa wale waliotumwa kutoka pwani. Livingstone alipokufa mwanzoni mwa Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi iitwayo leo Zambia, Wainwright ndiye aliyesoma sala za maziko ya moyo wake, na kuandika jina lake kwa kuchonga mti. Kisha wenziwe wakauchukua mwili. Mwezi wa Oktoba wakafika nao hapa kwetu Unyanyembe, wakamkuta Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wamzike papa hapa. Wakakataa. Wakaendelea hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Miaka kumi na mmoja nalikuwa nikiwaambia watoto habari ya wazungu wawili waliokutana, wala sikuwaambia kwamba watu wetu walisimama hapa, karibu na mlango wa shule yetu, wakatimiza ahadi yao juu ya shauri la mkubwa.

Shule ilipofunguliwa, nikasimama mbele ya darasa nikasema, “Watoto, muhula uliopita naliwaambia kwamba nimefika Kwihara. Sikuwa nimefika. Nalisema uwongo. Sasa nimefika.” Darasa likawa kimya kabisa. Yule mtoto akainama, kana kwamba kosa ni lake. Akauliza mwingine, “Mlango basi umeelekea wapi?” Nikasema, “Siwaambii. Jumamosi, wazazi wenu wakikubali, twende.” Tukaenda. Tangu siku ile sijapata kulifundisha somo lile mara mbili kwa namna moja.

Msidhani ya kuwa nalipona ugonjwa wangu wote kwa dawa moja. Mwaka wa pili nalipata fedha kidogo, nikapanda garimoshi kwenda Kigoma. Garimoshi lilipita Urambo, nchi ya mtemi Mirambo aliyefariki mwaka 1884, ambako Waingereza walijaribu mradi wao wa karanga, nao ukawashinda. Likapita Kaliua na misitu ya miombo yenye mizinga ya nyuki. Nikashuka Uvinza, nikaona chemchemi za maji ya chumvi. Nikafika Ujiji, nikaliona ziwa. Nikarudi nimejaa.

Nikaanza kujisifu. Kila somo lilianza hivi, “Nilipokuwa Ujiji.” Hesabu: nilipokuwa Ujiji. Sarufi: nilipokuwa Ujiji. Juma la kwanza watoto walisikiliza, juma la pili walitazamana, na juma la tatu nikasikia nyuma ya ukuta jina langu jipya: Mwalimu Ujiji. Nalikasirika, kisha nikacheka, kisha nikaona ya kuwa wamenihukumu kwa haki. Mpagazi arudiye na mzigo, akakaa juu yake barazani akisimulia tu jinsi ulivyokuwa mzito, watu wa nyumbani watakula nini? Mzigo sharti ufunguliwe.

Basi nikaufungua. Nalikuwa nimeleta kifuko cha chumvi ya Uvinza. Tukaitia katika maji, ikapotea. Watoto wakaonja, wakakunja nyuso. Tukayapika maji katika sufuria hata yakaisha, na tazama, chumvi imerudi. Hapo nikawaambia kwamba wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta dalili za watu waliopika chumvi Uvinza zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, na kwamba kazi hiyo nayo ilikuwa kazi ya kiangazi, kwa maana wakati wa masika mito hufurika na kuzifunika chemchemi. Mtoto mmoja akauliza, “Kuni walizitoa wapi za miaka yote hiyo?” Swali hilo halikuwa katika daftari langu. Likatupa kazi ya juma zima.

Jambo la pili lilikuwa ziwa. Vitabu husema kwamba Ujiji ulikuwa bandari, na kwamba Livingstone na Stanley walikutana hapo mwaka 1871. Mimi nilipokwenda penye ukumbusho wao, naliona ajabu: maji hayako hapo, yamekaa mbali. Nikawauliza watoto, “Maji yamekwenda wapi?” Wengine wakasema jua limeyakausha, wengine wakasema watu wameyanywa. Tukachora ramani uani kwa mchanga na majivu. Nikawaonyesha upande wa magharibi, katika Kongo, mahali panapotoka mto Lukuga. Zamani mdomo wake ulizibwa na mchanga na matete. Kadiri ya mwaka 1878 ziwa lilijaa likaubomoa, na katika miaka iliyofuata likashuka kiasi cha meta 10. Maji yakashika Lukuga, yakaingia Lualaba, yakawa mto Kongo, yakaishia bahari ya Atlantiki. Mtoto mmoja akatembea juu ya majivu kutoka Ujiji hata baharini, na wenziwe wakamfuata kwa mstari, kama msafara.

Jambo la tatu lilikuwa mzigo wenyewe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa frasila mbili, yaani kadiri ya kilo 32. Nikajaza mchanga katika gunia, nikaupima dukani, nikajitwika mwenyewe mbele ya watoto, maana haifai kumtwika mtoto mzigo ule. Nikauzunguka uwanja mara moja nikicheka, mara ya pili bila kucheka, mara ya tatu nikautua. Kisha tukahesabu. Toka Dar es Salaam hata Tabora kwa reli ni kadiri ya kilometa 840. Mtu akienda kilometa 15 kila siku, ni siku 56, bila siku ya kupumzika, bila homa, bila kungoja maji Ugogo. Mtoto yule yule wa swali la mlango akasema polepole, “Babu ya babu yangu alikwenda pwani.” Siku ya pili akamleta babu yake. Mzee yule akaketi mbele ya darasa, akatueleza aliyoyasikia utotoni juu ya kirangozi aendaye mbele ya msafara, na nyimbo, na mtu aliyeachwa njiani kwa ugonjwa wala asirudi tena. Watoto hawakupepesa macho. Nami naliketi nyuma, katika dawati la mwanafunzi, nikiandika.

Walimu wenzangu, katika hayo nimejifunza mambo manne.

La kwanza: safari humrudishia mwalimu ujinga wake, na ujinga huo ni mali. Akiwa nyumbani kila mtu humwita “Mwalimu”, naye husahau namna ya kuuliza. Akiwa ugenini hajui njia, hajui bei, hajui salamu za watu. Sharti aulize kama mtoto. Arudipo, anakumbuka jinsi inavyokuwa kutojua, na hamwambii tena mtoto aulizaye, “Keti.”

La pili: aende na swali moja, asiende na macho tu. Mwenye kwenda bila swali huona majumba na masoko, akarudi na uchovu. Mwenye swali, hata likiwa la mlango, huona mengi asiyoyatafuta.

La tatu: aandike palepale. Kumbukumbu ni kama maji katika kikapu. Na alete kitu cha kushikwa kwa mkono: jiwe, mbegu, chumvi, tiketi ya garimoshi, neno geni la watu wa huko.

La nne: arudipo, afunge kinywa kidogo, afungue mzigo. Asiulize, “Nitawasimulia nini?” Aulize, “Watafanya nini kwa hiki nilicholeta?”

Twaweza kumtaja mtu wa zamani aliyelijua jambo hili. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikapigwa chapa kitabu cha Desturi za Wasuaheli, ambacho maneno yake mengi ni ya Mtoro. Nadhani mwalimu huyu, alipoulizwa na wageni kila siku habari ambazo kwao hakuna aulizaye, alijua ya kuwa mambo ya nyumbani kwake yastahili wino. Ndiyo faida kubwa ya ugeni: humfundisha mtu kwao.

Najua mtakavyonijibu. Mama mwalimu atasema, “Nina watoto wanne, na mahindi ya kupukuchua, nani atanipa nauli?” Kijana atasema, “Mshahara wangu haufiki hata Nzega.” Ni kweli, wala sisemi kwa dharau. Lakini kumbukeni wale wawili wa Kaze. Mwaka 1858 Speke alikwenda kaskazini, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa la Nyanza; Burton alikuwa mgonjwa, akabaki hapa. Lakini aliyebaki hakukaa bure. Aliwauliza Waarabu na wenyeji habari za njia, mazao, desturi na lugha, na mengi tunayoyajua juu ya Unyanyembe wa siku zile yametoka katika maswali yake. Basi asiyeweza kupanda garimoshi na aende kwa miguu kwa mfuga nyuki, kwa mhunzi, kwa bibi ajuaye dawa, kwa mzee aliyefanya kazi relini. Akae naye siku moja na kumsikiliza. Hiyo nayo ni safari, na nauli yake ni adabu.

Nanyi wazazi na wazee wa parokia, nina neno kwenu. Mkimwona mwalimu siku za likizo amefunga kifurushi, msiseme, “Anakwenda kutembea tu.” Na akija mlangoni penu kuuliza habari za babu zenu, msimwambie ya kuwa hayo ni ya zamani, hayana kazi. Mpeni kigoda. Tunapohesabu miaka ya Jubilei, twahesabu majengo kwa urahisi, maana hayafi upesi. Lakini kila mzee anayezikwa na habari zake ni shule iliyofungwa. Nanyi mnaosimamia shule, mkipata shilingi za ziada baada ya kuezeka paa na kununua chaki, fikirini kama mwalimu mmoja kila mwaka aweza kupewa nauli ya kwenda na kurudi, kwa sharti kwamba arudipo atawafungulia wenziwe mzigo.

Mwisho, nitawaambia habari ya yule mtoto. Hajawa mtu mkubwa, angali akisoma. Siku ya kufunga shule mwaka ule alinijia, akasimama kimya kama ilivyo desturi ya mtoto mwenye neno. Nikamwuliza, “Una nini?” Akasema, “Mwalimu, kiangazi hiki wakwenda wapi?” Nikamwambia sijajua bado. Akasema, “Ukienda, tutazamie mambo.” Kisha akanipa karatasi. Yalikuwamo maswali saba, kwa mwandiko wake.

Naliichukua karatasi ile, nikaiweka ndani ya daftari langu la zamani la maandalio, juu ya ule mstari wa Kwihara. Kiangazi kimefika tena, wenzangu. Mizigo na ifungwe.